Maji ya Msiba

Cosmas alimuua dada yake siku ya Alhamisi, saa kumi jioni, kwa mdomo tu. Hakushika panga, hakutia sumu. Alitoka ndani na simu mkononi, akapiga magoti katikati ya njia, akapiga yowe mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. "Dada Filomena ametutoka! Jamani, dada yangu ametuacha!" Machozi yakamchuruzika, na yalikuwa machozi ya kweli, maana tangu utotoni Cosmas alikuwa mwepesi wa kulia. Wakati huohuo Filomena alikuwa amekaa kitandani hospitalini Mikumi, wodi ya wanawake, akilalamika kwamba uji hauna sukari.

Utauliza, alirogwa? Hakurogwa. Alikuwa na bwawa kichwani.

Bwawa lenyewe liko Malolo, juu ya mashamba. Maji yake yanatokea kwenye lango moja la chuma, yanaingia mferejini, yanakwenda kwenye vitunguu vya watu, na yanakwenda kwa zamu. Kila mkulima ana zamu yake, na ikimpita anasubiri siku kumi na mbili nyingine. Watu wa huko huvumiliana kwa mengi, kwa mipaka, kwa mbuzi walioingia shambani, hata kwa wake, lakini si kwa maji. Mwaka juzi mtu mmoja alijifungulia mfereji kwenye zamu ya mwenzake, akakatwa sikio kwa jembe, mchana kweupe. Hakwenda kushtaki kokote. Alijifunga kitambaa akaenda zake, kwa sababu alijua kosa ni lake. Ufunguo wa lile lango kijiji kilimkabidhi Cosmas. Walimchagua kwa mikono juu awe mgawa maji, kwa kuwa walimwona mtu wa haki.

Na huyohuyo mgawa maji ndiye aliyeanzisha klabu ya kuteleza majini. Alikuwa ameendesha boti za watalii Dar es Salaam kwa miaka tisa, akarudi nyumbani na boti kuukuu juu ya lori, watu wakacheka mbavu zikawauma. Boti, Malolo! Akachongesha mbao mbili kwa seremala, akazipigilia vipande vya tairi vya kushika miguu, akafunga kamba ndefu nyuma ya boti, na mahali pa kushikia akaweka mpini wa jembe. Kisha akamsimamisha binti yake Rebeka juu ya maji, akapita naye mbele ya watu wote kwa kasi, mtoto amesimama wima kama yuko barazani kwao. Kicheko kikaisha siku hiyo. Walianza vijana watano. Miaka minne baadaye walikuwa themanini, wengine wakitoka Kidodi kwa kudandia malori ya miwa, wengine Kilosa kwa bodaboda, wasichana wanaofanya kazi nyumba za wageni Mikumi, na mama mmoja mwenye wajukuu ambaye hakukosa hata wiki moja. Kijiji kiliwapa kila Jumamosi kwa sharti moja: zamu za maji kwanza, michezo baadaye.

Sasa wageni wa klabu moja ya Dar walikuwa waje Jumamosi ile kuangalia vijana, wamchague mmoja wa kwenda kufundishwa huko na baadaye kupelekwa kwenye mashindano ya nje. Mmoja tu. Rebeka alikuwa na miaka kumi na tisa, na hakuna aliyemkaribia. Cosmas alikuwa ameshamwona ndani ya ndege. Haki ya Mungu, alikuwa ameshamwona akimpungia mkono dirishani.

Shida ilikuwa maji. Kwenye nguzo ya lango kuna mstari mweupe. Maji yakiwa juu ya mstari, boti inapita popote. Yakishuka chini yake, visiki vya miti iliyozama vinakaribia juu, na kisiki hakina huruma na mguu wa mtu. Alhamisi ile maji yalikuwa shubiri mbili chini ya mstari. Zamu iliyoanza asubuhi ilikuwa ya Petro, mwenye ekari tatu za vitunguu, na angeyavuta mpaka Ijumaa jioni, lakini lango likifungwa mto ungeyarudisha juu ya mstari kwa siku mbili. Cosmas alimfuata shambani akamsihi.

"Petro mdogo wangu, niachie hizi siku mbili tu."

"Kaka Cosmas, vitunguu vinatia kichwa sasa hivi. Nikikosa maji wiki hii, navuna majani."

"Ni kwa ajili ya mtoto, Petro."

"Na mimi nina watoto, kaka. Wangu hawatelezi, wanakula."

Lipo jambo moja tu linalofunga lango la Malolo katikati ya zamu ya mtu, nalo ni msiba. Mtu akifa, lango linafungwa mpaka azikwe, ili kila mkono uende kwenye kaburi na kwenye kuni. Mwenye zamu hafidiwi. Maji ya msiba hayadaiwi, ndivyo walivyokuta wakisema wazee, na hakuna aliyewahi kubisha. Cosmas alirudi nyumbani akiliwaza hilo. Dada yake alikuwa amelazwa wiki nzima kwa kifua, na simu ya dada yake alikuwa nayo yeye, aliichukua ili ikatengenezwe sehemu ya kuchajia. Hakuna ambaye angempigia. Angesema maiti italetwa Jumapili, na Jumapili yenyewe angesema aliyemletea habari alikosea mgonjwa, watu wangeshangilia, wangekula wali wa matanga kwa furaha, yangeisha. Kufa kufaana, alijiambia. Mtu mzima hovyo! Methali hiyo ilisemwa juu ya wafu, haikusemwa juu ya watu wanaodai sukari kwenye uji.

Basi ndipo akapiga yowe lile njiani.

Petro alikuwa wa kwanza kufika, matope yamemjaa hadi magotini. Alimkumbatia Cosmas, akalia naye. Kisha akaenda kwa miguu yake mwenyewe kufunga lango, maji yakiwa ndiyo kwanza yamefika tuta la nane. Ijumaa aliongoza wanaume kuchimba kaburi nyuma ya nyumba ya Filomena, kwenye udongo mkavu wenye mawe makubwa. Walileta nyundo ya kupasulia miamba. Viganja vyake vilitoka malengelenge, malengelenge yakapasuka, mpini ukawa na damu. Kila alipopumzika alitazama upande wa shamba lake, halafu anainama anaendelea. Cosmas aliyaona hayo yote akiwa amekaa kwenye mkeka wa wafiwa.

Lakini aliyeumia kupita wote alikuwa Rebeka. Mama yake aliondoka akiwa mchanga, na mikono iliyomlea, iliyomsuka, iliyompeleka shule ya misheni, ilikuwa ya shangazi Filomena. Alijigaragaza chini. Alijipiga kichwa ukutani mpaka akapasuka juu ya jicho, wanawake watatu wakamshika. Neno moja la baba yake lingemtosha. Cosmas alilifikiria hilo neno, akalimeza. Alijiambia kwamba binti hajui kuficha kitu, na watu wakiuona uso wake mkavu watashtuka. Akamwacha mtoto wake alie siku mbili, na kilio kile kikawa ndio ushahidi mbele ya kijiji.

Jumamosi asubuhi maji yalikuwa juu ya mstari kwa vidole vinne.

"Siendi," Rebeka alisema. "Baba, shangazi yuko mochwari, mimi nikateleze?"

"Shangazi yako angependa."

"Shangazi alikuwa anafumba macho nikiwa majini. Aliogopa. Unalijua hilo."

Cosmas akamzaba kibao. Hakuwa amewahi kumpiga hata siku moja. Akamzaba cha pili, kikubwa kuliko cha kwanza, labda kwa sababu cha kwanza kilimtia aibu. "Utakwenda! Hujui niliyoyafanya kwa ajili yako!" Rebeka alishika shavu, kisha akachukua jaketi lake la kuelea akatangulia kutoka. Waliokaa matangani waliguna. Mfiwa anaendesha boti, maiti haijaja? Lakini Cosmas aliwaambia wageni wameshatoka mbali na kwamba ni heshima kwa marehemu, na mfiwa habishiwi.

Cosmas alikuwa amepanga kila kitu. Alimsahau mtani tu. Jamani, Msagara anamsahauje mtani? Gabrieli alikuwa Mnyamwezi. Babu yake alikuja Kilosa kukata mkonge, hakurudi Tabora tena, na kwa Wasagara Gabrieli alikuwa mtani wa kuzaliwa. Kwenye msiba kazi ya mtani inajulikana: anawacheka wafiwa, anaficha masufuria, analala ndani ya kaburi na hatoki mpaka apewe kuku. Tena yeye na Filomena walikuwa wametukanana miaka thelathini kila walipokutana, na kila mmoja alikuwa ameapa kumzika mwenzake. Kwa hiyo Jumamosi Gabrieli alipanda basi kwenda Mikumi bila kutumwa na mtu, akakae na maiti wake amtukane kidogo kabla hawajamleta nyumbani. Mochwari hawakuwa na jina hilo. Wakamwelekeza wodini. Akaingia wodini, akamkuta marehemu ameshika kikombe.

"Mnyamwezi wewe," marehemu alisema, "mgonjwa anatembelewa mikono mitupu?"

Gabrieli alikaa sakafuni. Akiwa hapohapo chini alimpigia simu Petro.

"Petro, umekaa? Marehemu anakunywa uji."

Petro hakutaka arudie. Alikuwa matangani, kati ya wanaume arobaini wenye vikombe vya chai, na hakupiga kelele, aliwaambia kwa sauti ya kawaida: Filomena mzima, hajafa, hakuna maiti. Mmoja akasema, "Na kaburi je?" Hapo ndipo walipoinuka, wote kwa pamoja. Walichukua yaliyokuwa karibu, majembe, sururu, mapanga ya kuchanjia kuni. Petro alichukua ile nyundo. Mkewe Monica alimfuata nyuma akimsihi apunguze hasira, wala hakugeuka.

Kule bwawani Rebeka alikuwa anateleza huku analia, na haki isemwe, hajawahi kuteleza vile. Alilala upande mmoja mpaka bega likagusa maji, akainuka, akavuka mawimbi ya boti kwenda upande wa pili. Wageni walikuwa wamesimama kwenye tuta la bwawa na simu zao, wanapiga picha, wanashikana mikono. Cosmas aliwaona akiwa kwenye usukani wa boti, na moyo ukamjaa. Ameshachaguliwa, alijisemea. Amechaguliwa mtoto wangu.

Halafu akaona watu wanapanda tuta.

Evance, katibu wa klabu, kijana mpole asiyejua lolote, alikuwa na kipaza sauti mkononi. "Karibuni jamani, kuna wageni wetu—" Mpini wa jembe ulimpata mdomoni, akatema meno mawili na damu juu ya shati jeupe. Wageni walikimbilia gari lao. Mmoja alianguka, akakanyagwa, akaamka akiwa na kiatu kimoja. Meza ya soda ikapinduliwa, viti vya plastiki vikapasuliwa, na vijana wa klabu waliojaribu kuzuia walipigwa ubapa wa panga mpaka wakaruka majini wenyewe. Petro hakushughulika nao. Alikwenda moja kwa moja kwenye lango, akapiga kufuli nyundo tatu, kwa ya tatu likafunguka. Yeye na wenzake wawili wakazungusha gurudumu la kuinulia chuma. Lango lile hufunguliwa robo tu, kila mtu Malolo anajua hilo, hata watoto. Petro alilizungusha mpaka mwisho. Chuma cha zamani kikalia, kikapinda, kikatoka kwenye reli zake, na bwawa lote likaanza kutokea hapo.

Rebeka alipoona fujo aliachia kamba. Akazama hadi kifuani, jaketi likambeba, akainua mkono mmoja akisubiri boti, kama alivyofundishwa. Sheria ya kwanza ya klabu Cosmas aliiandika mwenyewe kwa rangi ubavuni mwa boti: aliye majini afuatwe kwanza. Mtoto wake alikuwa majini, hatua hamsini nyuma yake. Lakini yeye alikuwa anaangalia nguzo, anaangalia mstari mweupe unavyojitokeza, na wazimu ukamshika. Akageuza boti kuelekea langoni.

"Maji yangu!" alipiga kelele. "Acheni maji yangu!"

Maji yake! Sikia mtu huyo.

Aliruka kutoka botini akiwa na kasia, akampiga Petro nyuma ya kichwa kwa nguvu zake zote. Kasia lilivunjika. Petro alianguka kifudifudi, akainuka taratibu, damu ikimshuka shingoni na kuingia ndani ya shati. Alimshika Cosmas koo kwa vile viganja vilivyochubuka.

"Nimechimba kaburi," alisema. "Nimeacha vitunguu vyangu vife, nikachimba kaburi. Haliwezi kukaa wazi."

Waliobaki wakadaka maneno hayo. "Halikai wazi! Halikai wazi!" Walimwangusha, wakamburuta kwa miguu juu ya mawe ya tuta, shati likapanda hadi kwapani, mgongo ukachubuka wote. Mtu alimpiga teke la ubavu, Cosmas akasikia mfupa ukilia ndani yake. Mwingine alimpiga jiwe, jicho la kushoto likafumba. Walikuwa wanampeleka kaburini kweli. Aliona kwamba hakuna hata mmoja anayetania, na wote alikuwa anawafahamu kwa majina, na watoto wao alikuwa amewafundisha kuelea.

Hapo ndipo akasikia, "Baba!"

Kwa lile jicho moja lililobaki aliona jaketi la rangi ya chungwa. Lilikuwa linakwenda langoni, halina haraka, halafu ghafla likawa na haraka. Rebeka alikuwa anapiga maji kwa mikono yote miwili na hasogei. Mbao moja ilikuwa bado mguuni.

"Mtoto!" Cosmas alilia. "Mtoto wangu anakufa! Jamani, mtoto wangu! Petro, nakuomba, mtoto anakufa!" Machozi yalimtoka, yakachanganyika na damu.

Petro alimwangalia kwa dharau. "Alhamisi pia ulilia hivihivi," alisema, na hakugeuza shingo kutazama.

Wakaendelea kumburuta. Hatua kumi. Hatua ishirini. Cosmas alilia, akaapa kwa Mungu, akaapa kwa kaburi la mama yake, na kila alivyozidi kuapa ndivyo walivyozidi kumpiga. Monica, mke wa Petro, aliyekuwa amebaki langoni, ndiye aliyeona mbao imeingia kwenye ule uwazi na kukwama, mguu ukiwa ndani, na kichwa cha msichana kinazama kinatoka. Alipiga ukelele wa mwanamke aliyeona kifo. Huo waliuamini. Petro alimwachia Cosmas, akarudi mbio na kichwa chake kilichopasuka, akajitupa pale maji yanaponguruma. Alizama mara mbili. Mara ya tatu alitoka amemshika Rebeka nywele, na wanaume sita wakawavuta wote wawili kwa ile kamba ya boti. Mguu wa kulia wa mtoto ulikuwa umevunjika chini ya goti, mfupa mweupe uko nje, na wayo umeangalia nyuma. Hakuwa analia. Alikuwa anauliza swali moja tu, kila mtu aliyemwinamia alimuuliza.

"Shangazi hajafa?"

"Hajafa, mama," Monica alimjibu. "Baba yako alitudanganya."

Gari la wageni ndilo lililompeleka Rebeka Mikumi. Mgambo walifika wakamtoa Cosmas mikononi mwa watu akiwa bado anapumua. Boti ilichomwa moto palepale. Kaburi walilifukia baada ya kuweka mgomba ndani yake, ili lisimwite mtu. Na maji yale yote, yaliyotoka kwa mkupuo mmoja, yalipita mferejini, yakabomoa kingo, yakazoa ekari tatu za vitunguu vya Petro pamoja na udongo wake.

Jumapili mchana walimruhusu Cosmas aende hospitali na askari mmoja. Alipita korido akishika ukuta, kichwa kimefungwa bandeji, mbavu zinamkata kila anapovuta pumzi. Mlangoni mwa wodi ya wanawake alisimama. Kitanda cha dirishani alikuwa amekaa dada yake Filomena, mzima, amejifunga khanga. Kitanda cha pili alikuwa amelala Rebeka, mguu umening'inizwa kwa kamba na chuma. Shangazi mtu alikuwa ameushika mkono wake. Rebeka aliinua macho akamwona baba yake pale mlangoni. Walitazamana. Cosmas alifungua mdomo aseme, lakini nesi alikuwa ametangulia kufika kitandani na faili lake.

"Shikamoo, dada," Rebeka alimsalimu.

"Marahaba, mdogo wangu. Pole. Jana hukuweza kuongea, kuna nafasi hazikujazwa hapa. Jina la baba?"

Rebeka hakuondoa macho mlangoni.

"Alifariki," alisema.

"Oh, pole sana. Lini?"

"Alhamisi. Saa kumi jioni."

Nesi aliandika. Filomena alitazama mlangoni, akamwona mdogo wake ameshika fremu kwa mikono miwili. Akamgeukia Rebeka, akamvutia shuka hadi mabegani.

"Pole na msiba, mwanangu," alimwambia.